Maswali ya Wasomaji: Nimeombewa Mara Nne, Mbona Bado Nimefungwa?

Mwezi huu barua zimetoka Nakuru, Kisumu, Vihiga, Mumias na Kakamega, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu akishamwamini Kristo, anatokaje katika dhambi inayomrudia? Majina tumeyaficha. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wengi mko hapo alipo huyu ndugu.

Mimi ni mwendeshaji boda wa Kaptembwo, Nakuru. Nimeokoka mara nne, mara ya mwisho kwenye krusedi ya Desemba. Kila mara nalia, naombewa, narudi nyumbani nikiwa mwepesi. Wiki mbili haziishi nimeanza kubeti tena, wakati mwingine kwa pesa ya mwenye pikipiki. Je, wokovu wangu ni wa uongo?

Ndugu, kupita mbele mara nne si kuokoka mara nne. Ulipomwamini Kristo kwa moyo, ulipokelewa. Unachokosa sasa si kuombewa mara ya tano, na tunakusihi usiingoje krusedi nyingine.

Kuna mambo mawili umeyachanganya. Moja ni hatia, yaani deni lako mbele za Mungu. Hilo Kristo alilibeba msalabani, na anayemwamini husamehewa siku hiyohiyo. La pili ni mazoea: mkono unaokimbilia simu ukisikia mechi inaanza, na akili iliyozoea kuota pesa ya ghafla. Hayo huvunjwa kidogo kidogo, kwa nguvu za Roho Mtakatifu, na wewe ukiwa unashiriki. Ukiyachanganya, ukianguka unasema, "Kumbe sikusamehewa," unaacha kuomba, unaacha kanisa, unangoja mkutano mwingine wa injili ndio uanze upya. Angalia vizuri wakati wako mbaya zaidi ni upi. Si ile jioni ya kuanguka. Ni zile wiki unazokaa mbali na Mungu kwa aibu, kwa sababu hapo ndipo unapobeti kila siku ukijiambia umeshaharibu tayari.

Fungua Waraka kwa Warumi usome sura ya 6 hadi ya 8 kwa mpigo mmoja. Katika 7:19 Paulo anasema, "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Kisha angalia mpangilio wa sura ya 8. Mstari wa 1 unatangaza kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Amri ya kuyafisha matendo ya mwili kwa Roho inakuja baadaye, mstari wa 13. Msamaha umetangulia, vita vinafuata. Wengi wetu tumefundishwa kinyume: pigana kwanza, ukishinda utasamehewa. Mtu anayepigana hivyo huchoka, kwa sababu kila kushindwa kunamrudisha sifuri. Na 6:14 haisemi dhambi haitawatawala kwa kuwa mmejitahidi. Inasema ni kwa sababu "hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema."

Sasa ufanye nini? Anza leo, kwa kuungama kwa kutaja. "Bwana nisamehe makosa yangu yote" ni sala pana mno kwa mtu aliyefungwa na jambo moja. Sema: "Jumamosi jioni nilichukua shilingi 800 za mwenye pikipiki, nikabeti, nikamdanganya kwamba tairi lilipasuka." Hapo mna wizi, mna uongo, na mna tamaa ya kupata bila kazi. Taja kila moja kwa jina lake. Ukimaliza, soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Shukuru, uishie hapo. Kuiungama dhambi ileile mara kumi kwa usiku mmoja hakuongezi msamaha, kunaongeza hofu tu.

Kabla wiki haijaisha, mwambie mtu mmoja. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa, na dhambi ya sirini hupoteza nguvu nyingi ikishajulikana na mtu hata mmoja. Chagua mwanamume mwenzako aliyekomaa katika imani, asiye na deni nawe, na ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri ya mwingine. Asiwe mwenye pikipiki. Kundi la WhatsApp la kanisa pia halifai kwa kazi hii. Kutaneni mara moja kwa wiki, nusu saa inatosha, akuulize maswali matatu: Umebeti? Pesa za watu zimefika zote? Kuna nini ulichonificha leo? La tatu ndilo hufungua mengine, kwa hiyo asiliache hata siku mnaharakisha. Mpango huu huharibika pale unapochagua mtu wa kukuhurumia tu, au mtu wa kukufokea tu. Mmoja atakuacha ulivyo, mwingine utaanza kumdanganya.

Halafu ziba njia. Warumi 13:14 inatuambia tusiuangalie mwili, "hata kuwasha tamaa zake". Kufuta programu kwenye simu hakutoshi, kwa sababu unaweza kubeti kwa ujumbe mfupi na kulipa kwa M-Pesa ukiwa umekaa kwenye stendi. Waandikie kampuni za kamari wakufungie akaunti kabisa. Toka kwenye makundi ya watabiri wa mechi. Lipa deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kisha ujiondoe, maana mwenye kamari hafai kuwa na mkopo unaopatikana usiku wa manane. Pesa ya mwenye pikipiki itume jioni kabla hujafika nyumbani, usilale nayo. Tena jua saa zako za hatari. Kwa watu wa boda huwa ni alasiri, saa nane hadi saa kumi, abiria wakiwa wachache na kila mtu stendini ameinamia simu, na Jumamosi ligi ya Uingereza ikichezwa. Saa hizo panga kuwa kwingine: osha pikipiki, beba mizigo ya sokoni, mtembelee mgonjwa.

Kuziba peke yake hakufai. Katika Mathayo 12:43-45 Yesu anasema juu ya pepo mchafu aliyerudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaleta wengine saba walio waovu kuliko yeye. Wengi wanaoacha dhambi kwa nguvu huishia hapo: wamefagia, hawajajaza. Jaza kwa ibada ya Jumapili bila kukosa, ushirika wa katikati ya wiki, Meza ya Bwana, na zaburi moja asubuhi kabla ya kuwasha data. Na usisahau Waefeso 4:28. Mwibaji haambiwi asiibe tena halafu basi. Anaambiwa afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Kwa hiyo zile shilingi 50 au 100 zilizokuwa zikienda kwenye mkeka wa kubeti kila siku, zitenge umlipie mtu unga. Mkono uliozoea kunyakua unahitaji kufundishwa kutoa, na unafundishika.

Ukianguka tena? Rudi saa hiyohiyo. Dakika kumi za kwanza ndizo za maana: weka simu chini, ungama kwa kutaja, mpigie yule ndugu, na kama pesa ni ya mtu mwambie leo. Usijaribu kurudisha ulicholiwa kwa mkeka mwingine. Usimwekee Mungu ahadi kwamba ukishinda utatoa fungu la kumi. Na kama madeni yamekufikisha mahali unawaza kujiua, usiende stendi wala kanisani peke yako. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Luanda, Vihiga. Kwa miaka miwili nimekula shilingi 36,000 za kikundi, hakuna anayejua. Nimetubu kwa machozi lakini sina amani. Je, Mungu hajanisamehe?

Mama, amani haiji kwa sababu pesa bado ziko kwako. Msamaha wa Mungu ni bure. Lakini hauwafutii wenzako haki ya kudai chao. Zakayo hakuambiwa alipe ndipo Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu aliingia kwanza, kisha Zakayo mwenyewe akasimama na kusema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Huku kwetu jambo hili lina historia: wakati wa uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Kenya miaka ya 1930, waliookoka walijulikana kwa kurudisha walivyoiba, hata vitu vidogo vya waajiri. Majirani waliamini toba walipoona kitu kimerudi.

Kiasi gani? Torati katika Walawi 6:1-5 ilidai kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Mkristo hafungwi na kipimo hicho kama sheria, lakini ni kipimo cha haki, kwa kuwa wenzako walikosa kuzitumia hizo pesa muda huo wote. Sehemu ya tano ya 36,000 ni 7,200, jumla 43,200. Ukilipa 3,600 kila mwezi utamaliza kwa mwaka mmoja. Kama huwezi, taja kiasi unachoweza kweli. Ahadi kubwa inayovunjika mwezi wa tatu itawaumiza mara ya pili.

Utaratibu wenyewe ni huu. Keti na daftari uandike tarehe na kiasi, hata vile vidogo. Mwambie mume wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisikia sokoni utakuwa umejeruhi na ndoa. Kisha nenda kwa mwenyekiti ukiwa na mama mmoja wa kanisa mwenye busara, na malipo ya kwanza mkononi. Pesa ni za wote, kwa hiyo mwishowe wote wataambiwa, ila mwenyekiti akusaidie kupanga kikao. Ungamo lifike pale kosa lilipofika, lisipite hapo. Hakuna haja ya kulitangaza madhabahuni kwa watu ambao hukuwaibia.

Maneno yawe machache: "Nilichukua shilingi 36,000 za kikundi kati ya mwezi huu na mwezi ule. Ni wizi. Naomba msamaha. Hii ni ya kwanza, na hivi ndivyo nitakavyolipa. Naacha kazi ya hazina leo." Usiseme "shetani alinidanganya", usitaje karo ya watoto, usitaje bei ya unga. Huenda ni kweli yote, lakini aliyeibiwa akisikia sababu anasikia kujitetea.

Ujue pia yanayoweza kukupata. Wengine watakusamehe papo hapo, wengine hawatakusalimu mwaka mzima, na kikundi kinaweza kufuata katiba yake au kwenda kwa chifu au polisi. Haki hiyo wanayo. Usitubu kwa sharti kwamba hutashtakiwa. Na kama mwanachama mmoja ameshafariki, fungu lake wape watoto wake.

Mimi ni Mkatoliki wa Mumias, mume wangu ni wa kanisa la kipentekoste. Yeye anasema kuungama kwa padre hakuna maana, Mungu anatosha. Nani ana haki?

Kwanza, nyote wawili mnakubaliana kwamba anayesamehe ni Mungu kwa ajili ya Kristo. Kanisa lako linafundisha kwamba Kristo aliwapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi (Yohana 20:23), na linakutaka uungame dhambi nzito angalau mara moja kwa mwaka. Padre anakatazwa kabisa kufichua alichosikia kwenye kitubio. Kanisa la mume wako linasisitiza kwenda kwa Mungu moja kwa moja, lakini Yakobo 5:16 imo kwenye Biblia yake pia. Mpe swali moja kwa upole: ni nani anayejua dhambi inayomsumbua? Kama hakuna hata mmoja, basi anachokitetea si imani yake bali siri yake. Nawe ujiangalie, maana kitubio cha Jumamosi kinachorudia orodha ileile bila nia ya kuacha hakikusaidii.

Mume wangu anakunywa chang'aa kila siku, mwaka wa nane sasa. Ameamua kuacha kwa ajili ya Yesu. Mzee mmoja wa maombi hapa Nyalenda, Kisumu, amesema ajifungie chumbani siku tatu, afunge bila chakula wala maji, akitetemeka ni pepo wanatoka. Nifuate?

Hapana, dada. Uamuzi wake ni mzuri na umshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini njia hiyo inaweza kumuua.

Mwili uliokunywa kila siku kwa miaka, ukinyimwa pombe ghafla, hubadilika kwa hatari. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hukimbia, hutapika na kukosa usingizi. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, huona watu na wadudu wasiokuwepo, homa hupanda. Hizo ndizo zile siku tatu alizoambiwa afungiwe. Kutetemeka huko ni ugonjwa na una dawa. Kufunga bila maji kunauzidisha, kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa tayari amepungukiwa na vitamini B1, na upungufu huo huweza kumharibu ubongo.

Mpeleke hospitali kabla hajaacha, si baada ya kuzidiwa. Mko karibu na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Mwambieni daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho lini, na kama amewahi kupata degedege. Nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Akishapita siku hizo, kanisa lina kazi kubwa iliyobaki: wanaume wa kukaa naye jioni, saa za kwenda mangwe (kilabu cha pombe), kumtafutia njia nyingine ya kurudi nyumbani, na kuomba naye. Ale ashibe saa kumi na moja jioni, kwa maana njaa huamsha kiu ya pombe. Kufunga kwa maombi kupo na kuna baraka, lakini acha nyinyi wenye afya mfunge kwa niaba yake.

Nabii huku Kakamega ameniambia uzinzi wangu ni laana ya ukoo, nitoe mbegu ya shilingi 15,000 nifunguliwe. Nitoe?

Usitoe hata shilingi. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Simoni mchawi alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Kuna hasara nyingine pia. Ukishaamini ni laana, hutawahi kusema "nimezini", utasema "nimelaaniwa". Aliyelaaniwa hana la kutubu. Mtafute mchungaji asiyeuza kitu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki, mjane, hapa ufuoni Kisumu. Kupata samaki lazima ulale na mvuvi, jaboya. Nimeokoka na sitaki tena. Lakini nikiacha, watoto watakula nini? Je, Mungu ananihukumu?

Dada, ulichokieleza kina dhambi yako ndani yake, na kina dhambi uliyotendewa. Mvuvi anayeficha samaki hadi apewe mwili anamdhulumu mjane, na Maandiko ni makali mno kwa anayefanya hivyo. Usiungame dhambi yake kana kwamba ni yako. Ungama ile iliyo yako, upokee msamaha, na neno la Yesu kwa mwanamke aliyeletwa mbele yake katika Yohana 8 ulichukue lote pamoja na mpangilio wake: "Wala mimi sikuhukumu" lilitangulia, "usitende dhambi tena" likafuata.

Sasa chakula. Kuacha ukiwa peke yako ni vigumu sana, kwa kuwa mvuvi atamgeukia mwingine na utabaki na beseni tupu. Tafuta wachuuzi watatu au wanne wanaotaka kutoka. Unganisheni mtaji, mnunue kwa fedha taslimu kwa jina la kikundi, na mfike ufuoni mkiwa pamoja, msiende mmoja mmoja usiku. Huko ufuo wa Nduru, Kisumu, kina mama walianza mwaka 2011 kumiliki mashua zao wenyewe na kuajiri wavuvi, na hilo liliwapa samaki bila sharti. Si kila kikundi kitaweza mashua; wengine wameanza na omena (dagaa) waliokaushwa au mboga mpaka mtaji ukakua. Peleka jambo hili kwa kamati ya ufuo, BMU, na uwe na mwenzako wa kushuhudia.

Kanisa lako nalo liwajibike. Mwambie mchungaji au mama kiongozi waziwazi kwamba unahitaji unga wa miezi miwili au mitatu na mtaji mdogo wa kuanzia. Ushirika unaomwambia mjane aache dhambi halafu ukamwacha na njaa haujamaliza kazi yake, na ukionyesha barua hii hawataweza kusema hawakuambiwa.

Mwisho, nenda kituo cha afya ukapime virusi vya ukimwi wiki hii. Kama umelala na mtu ndani ya saa 72 zilizopita, waambie mara ufikapo, kwa maana kuna dawa ya kuzuia maambukizi inayotakiwa kuanzwa kabla muda huo kwisha na kumezwa siku 28. Ukikutwa na virusi, anza dawa na usiziache hata ukiombewa. Na mvuvi yule akikupigia simu, usiende kumweleza ana kwa ana kwamba umeokoka. Mwandikie ujumbe mmoja, kisha umfungie nambari.